Mtoto Anapohitaji Upasuaji: Mambo Ambayo Mzazi Anapaswa Kujua

Maandishi ya mazungumzo na wazazi na walezi wa wadi ya Kibirichia, Kaunti ya Meru



Nimekuja kwenu kutoka ofisi ya mawasiliano ya kaunti. Mimi si daktari, na leo sitampima mtoto wa mtu wala kuandika dawa. Kazi yangu ni kuchukua yale yanayosemwa kwa lugha ya hospitali na kuyaleta kwa lugha ya nyumbani, ili kila mmoja wetu ajue la kufanya.

Jambo lenyewe ni upasuaji wa watoto. Neno operesheni likitajwa mbele ya mzazi, moyo unashtuka. Wengi wetu huona kwamba kuanzia hapo mambo yote yako mikononi mwa daktari, na sisi kazi yetu ni kusali na kutafuta pesa. Si kweli. Upasuaji wa mtoto huanza nyumbani, siku mzazi anapoona jambo lisilo la kawaida na kuamua ama aende hospitali ama angoje. Huendelea usiku wa kuamkia operesheni, mzazi anapoamua ama amlishe mtoto ama asimlishe. Na huishia nyumbani, mzazi anapofungua kitambaa na kuangalia kidonda. Katika nyakati hizo zote daktari hayupo. Ni wewe uliyepo. Kwa hiyo mzazi ni mmoja wa timu ya upasuaji, na akikosea yeye, ustadi wa wengine unaweza kukosa kumsaidia mtoto.

Tohara pia ni upasuaji

Nianze na upasuaji tunaoufahamu sote. Karibu kila mvulana wa Meru hupashwa tohara, na likizo ndefu ya mwisho wa mwaka ikifika, nyumba nyingi huwa na kijana anayejiandaa. Kwetu ni sherehe na ni hatua ya maisha. Lakini kwa mwili wa kijana, ni upasuaji: kuna kukatwa, kuna damu, kuna kidonda kinachoweza kuingia viini.

Kwa hiyo uliza maswali yale yale unayopaswa kuuliza kwa operesheni yoyote. Anayetahiri amesomea na kusajiliwa? Vifaa vimechemshwa kwa mashine, na kila kijana ana vyake? Chanjo ya pepopunda ya mtoto imekamilika? Kama katika ukoo wenu kuna mtu ambaye akijikata kidogo damu haikomi, au aking'olewa jino anavuja siku nzima, sema kabla ya siku yenyewe. Kuna ugonjwa wa damu kutoganda unaorithiwa, na huwapata zaidi wavulana.

Jambo lingine ambalo wazazi wengi hawajalisikia: kuna watoto wa kiume wanaozaliwa tundu la mkojo likiwa chini ya uume badala ya kwenye ncha. Mtoto kama huyo asitahiriwe kabla ya kuonwa na daktari wa upasuaji. Ile ngozi inayotupwa wakati wa tohara ndiyo daktari huitumia kurekebisha njia ya mkojo. Ikishakatwa, kazi inakuwa ngumu zaidi.

Na kwa wanaowatunza vijana wakiwa wametengwa: usiri wa jando usiwe sababu ya kijana kukaa na shida usiku kucha. Damu isiyokoma baada ya kukandamizwa, kushindwa kukojoa, homa, usaha au harufu mbaya, hayo yote ni ya hospitali, saa hiyo hiyo.

Kwa wasichana, nitasema kwa ufupi. Ukeketaji si upasuaji wala si matibabu. Wazee wa Njuri Ncheke waliupiga marufuku mwaka wa 1956, na sheria ya Kenya ya 2011 inaufanya kuwa kosa la jinai, hata ukifanywa na muuguzi mwenye sindano ya ganzi, na hata mzazi na msichana wenyewe wakisema wamekubali.

Yale yasiyongoja hadi kesho

Sasa tuingie katika magonjwa. Kuna mambo ya upasuaji ambayo saa chache tu zinaweza kuwa tofauti kati ya mtoto kupona na kumpoteza. Tafadhali yashike haya, na umweleze pia anayebaki na watoto ukienda shambani.

Mtoto mchanga anayetapika matapishi ya kijani ni dharura. Rangi hiyo ni ya nyongo, na inaweza kumaanisha utumbo umejisokota. Usingoje uone kama atatulia. Vilevile mtoto aliyezaliwa bila tundu la haja kubwa, au ambaye saa 48 zimepita tangu azaliwe bila kupata choo, na tumbo linavimba. Aliyezalia nyumbani aangalie hilo yeye mwenyewe.

Mtoto mdogo, hasa wa chini ya miaka 2, anayelia kwa vipindi huku akikunja miguu tumboni, ananyamaza na kulegea, kisha analia tena; na pengine anatoa choo chenye kamasi na damu. Hapo huenda sehemu ya utumbo imeingia ndani ya nyingine. Wengi hudhani ni kuhara damu na kununua dawa dukani. Dawa ya dukani haiwezi kuutoa utumbo ulioingia.

Mtoto mkubwa anayeumwa na tumbo kuanzia karibu na kitovu, kisha maumivu yakahamia chini upande wa kulia, pamoja na kukataa chakula na homa. Hicho huenda ni kidole tumbo. Kikipasuka, uchafu husambaa tumboni.

Mvulana anayeumwa ghafla na korodani moja. Huenda imejisokota na damu haifiki. Madaktari huhesabu takriban saa 6 tangu maumivu yaanze. Baada ya hapo uwezekano wa kuiokoa hupungua haraka. Wavulana huona haya kusema. Mwambie kijana wako mapema kwamba maumivu hayo hayafichwi, hata kama ni saa nane za usiku, hata kama yuko shule ya bweni.

Mtoto aliyemeza betri ile ndogo ya mviringo kama kifungo, inayotoka kwenye rimoti, saa au vitu vya kuchezea. Ikikwama kooni inaweza kuchoma nyama ndani ya saa 2. Usimtapishe. Nenda.

Na mtoto aliyeungua kwa chai, uji au moto wa jikoni: mwagie maji baridi ya kawaida yanayotiririka kwa dakika 20, umfunike asipate baridi, kisha mpeleke. Usipake dawa ya meno, mafuta, unga wala majivu.

Yale yenye wakati wake

Kuna matatizo mengine ambayo si ya kukimbia usiku, lakini yana umri wake wa kurekebishwa. Hapo ndipo tunapochelewa sana, kwa sababu mtoto anacheza na kula, na sisi tunasema atakapokua itapona. Mengine hupona kweli. Mengine hayaponi. Tofauti ni hii.

Kitovu kilichotokeza kwa mtoto mchanga, mara nyingi hujifunga chenyewe kabla ya miaka 4 au 5. Hakuna haja ya kukifunga kwa sarafu au kitambaa. Haisaidii na inaweza kuumiza ngozi. Lakini uvimbe wa kinena, yaani henia au ngiri, unaotokea mtoto akilia au akikohoa na kurudi akitulia, haujifungi. Unahitaji operesheni, na kadiri mtoto alivyo mdogo ndivyo hatari ya utumbo kunaswa ilivyo kubwa. Uvimbe wowote wa namna hiyo ukiwa mgumu, ukiuma, usiporudi ndani, au mtoto akianza kutapika, umeshakuwa dharura.

Korodani ambayo haijashuka: ikiwa mtoto amefika miezi 6 na bado huipati kwenye mfuko wake, mpeleke aonwe. Operesheni yake hufaa ifanywe kabla ya miezi 18. Ikiachwa juu hadi utu uzima, uwezo wa kuzaa unaweza kupungua na hatari ya saratani kuongezeka. Haya tunaweza kuyaona sisi wenyewe wakati wa kumwogesha mtoto, bila kulipa shilingi moja.

Mdomo uliopasuka tangu kuzaliwa mara nyingi hurekebishwa kuanzia miezi 3, mtoto akiwa na uzito wa kutosha na damu ya kutosha. Kaakaa lililopasuka hurekebishwa kabla ya miezi 18, ili mtoto ajifunze kusema vizuri. Shirika la Smile Train, lililoanzishwa mwaka wa 1999, hugharimia operesheni hizi kupitia hospitali inazoshirikiana nazo, kwa hiyo ukosefu wa pesa usimfiche mtoto ndani. Wala mtoto huyo si laana, na mama yake hakukosea chochote kwa kuangalia au kucheka kitu akiwa na mimba.

Mguu uliopinda kwa ndani tangu kuzaliwa unahitaji kuanza kutibiwa wiki za kwanza. Mara nyingi hauhitaji operesheni kubwa. Mguu hunyooshwa kidogo kidogo na kufungwa plasta, plasta hubadilishwa kila wiki, kama mara 5 hadi 7, kisha kwa wengi hukatwa kidogo mshipa wa kisigino. Baada ya hapo mtoto huvaa viatu maalumu vilivyounganishwa kwa chuma, na usiku ataendelea kuvivaa hadi karibu miaka 4. Wazazi wengi huvivua mapema kwa sababu mguu umenyooka na mtoto analia. Mguu hurudi kupinda. Ile miaka ya viatu ndiyo dawa yenyewe.

Tuanzie wapi? Anza na kituo cha afya kilicho karibu, hapa hapa Kibirichia. Wao ndio watakaoandika karatasi ya rufaa na kukuelekeza, mara nyingi Hospitali ya Rufaa na Mafunzo ya Meru. Kwa matatizo makubwa zaidi, watoto hutumwa mbali zaidi: Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta, au Kijabe, ambako hospitali ya mifupa ya watoto ya CURE imekuwepo tangu 1998. Safari ni ndefu, lakini mtoto anayefika na barua ya rufaa na kijitabu chake cha kliniki hapotezi siku akipimwa upya yale yaliyokwisha kupimwa.

Kuuliza si ujinga

Daktari akisema mtoto anahitaji operesheni, usiitikie tu kwa kichwa. Sheria ya Afya ya 2017 inakupa haki ya kuelezwa hali ya mtoto wako, matibabu yanayowezekana, faida zake, hatari zake na gharama zake, kwa lugha unayoielewa. Kama Kiswahili cha daktari kimekuwa kizito, omba aelezwe mtu atakayekufasiria kwa Kimeru. Huo si usumbufu.

Maswali matano yanatosha kuanzia. Mtoto ana nini? Tusipofanya operesheni, itakuwaje? Kuna njia nyingine? Hatari kubwa ni zipi, na mtafanya nini zikitokea? Nani atakayempasua na nani atakayempa dawa ya usingizi? Usisahau swali hilo la mwisho. Mtaalamu wa usingizi ndiye anayeangalia pumzi na moyo wa mtoto dakika kwa dakika mwenzake akipasua, na ni haki yako kumfahamu.

Hakuna daktari mkweli atakayekuambia operesheni haina hatari hata kidogo. Lakini kungoja nako kuna hatari yake. Linganisha hatari hizo mbili, usiangalie moja tu.

Kisha kuna karatasi ya kukubali. Hapa Kibirichia watoto wengi wako kwa nyanya, wazazi wakiwa kazini Nairobi au kwingineko. Operesheni iliyopangwa inaweza kuahirishwa kwa sababu aliyemleta mtoto hana mamlaka ya kutia sahihi. Wazazi mlio mbali, wekeni wazi mapema ni nani mlezi, mwacheni nyanya na nakala ya cheti cha kuzaliwa na nakala ya kitambulisho chenu, na simu iwe inapatikana. Kwa dharura, ambapo kuchelewa kunaweza kumuua mtoto au kumlemaza, sheria inawaruhusu madaktari kumhudumia bila kungoja sahihi. Kwa hiyo nyanya asibaki nyumbani na mtoto anayezidiwa eti anamngoja baba.

Kuhusu pesa. Tangu Oktoba 1, 2024, NHIF ilifungwa na Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, ikachukua nafasi yake. Kujisajili peke yake hakutoshi kwa operesheni ya hospitali: ni lazima mchango uwe umelipwa. Aliyeajiriwa hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara. Mkulima na mfanyabiashara hupimwa kulingana na mapato ya nyumba yake, na mchango hauwezi kuwa chini ya shilingi 300 kwa mwezi, unaolipwa kwa mwaka. Kujisajili ni kwa simu, *147#. Hakikisha kila mtoto ameandikwa chini ya jina lako, kwa sababu mlango wa wodi si mahali pazuri pa kugundua kwamba jina lake halimo. Uliza pia hospitali kama operesheni hiyo inalipiwa yote au kuna kiasi utakachoongeza.

Na ikiwa ni dharura, Katiba, kifungu cha 43, inasema mtu asinyimwe matibabu ya dharura. Nenda kwanza, mambo ya malipo yatazungumzwa mtoto akihudumiwa.

Mwambie daktari yote

Kabla ya operesheni utaulizwa maswali mengi. Jibu bila kuficha. Mtoto ana pumu? Aliwahi kupata shida na dawa fulani? Kuna mtu wa ukoo aliyepata shida na dawa ya usingizi? Anatumia dawa gani? Hapa ndipo wengi hunyamaza kuhusu miti shamba, wakiogopa kukemewa. Baadhi ya dawa hizo zinaweza kufanya damu isigande vizuri au kubadilisha nguvu ya dawa ya usingizi. Afadhali ukemewe na mtoto awe salama.

Na kikohozi kisifichwe. Sisi tunaoishi chini ya Mlima Kenya tunaijua baridi ya Juni na Julai. Mtoto kuwa na kamasi ni kawaida. Lakini mtoto mwenye mafua, kikohozi kizito au homa anaweza kubanwa na pumzi akiwa usingizini. Pigia hospitali simu uwaeleze. Wakiahirisha kwa wiki chache, nauli imekuumiza, najua. Lakini hawajakuonea.

Njaa ya saa chache

Sasa nifike kwenye jambo ambalo ningependa mtu aliyesahau mengine yote aondoke nalo. Ukiambiwa mtoto asile, asile.

Sababu yake ni hii. Mtu mzima au mtoto akipewa dawa ya usingizi, koo hulegea. Yale yanayotuzuia kila siku chakula kisiingie njia ya hewa hayafanyi kazi. Tumboni kukiwa na chakula, kinaweza kupanda hadi kooni na kushuka kwenye mapafu. Mtoto anaweza kufa kwa hilo, operesheni yenyewe ikiwa ndogo kabisa.

Hospitali nyingi hufuata hesabu ya saa 6, 4 na 2. Chakula na maziwa ya ng'ombe au ya kopo, viishe saa 6 kabla. Maziwa ya mama, saa 4 kabla. Maji matupu, saa 2 kabla. Tuseme operesheni ni saa mbili asubuhi. Basi chakula cha mwisho kisipite saa nane usiku, maana yake ale chajio kama kawaida na alale. Anayenyonya, anyonye mara ya mwisho kabla ya saa kumi alfajiri. Mama aamke kwa ajili hiyo. Maji yasipite saa kumi na mbili asubuhi. Kama hospitali imekupa saa tofauti, fuata za hospitali.

Na tuelewane chakula ni nini. Chai ya maziwa ni chakula. Uji ni chakula, hata ukiwa mwepesi. Ndizi moja, kipande cha andazi, peremende aliyopewa na jirani wa kitanda, vyote ni chakula. Strungi isiyo na maziwa yaweza kuhesabiwa pamoja na maji, lakini uliza kwanza.

Tunajua huruma ya mama na ya nyanya. Mtoto analia njaa saa kumi na moja alfajiri, na mkobani mna chai ndani ya thamosi. Unajiambia, kidogo tu, nani ataona. Tafadhali, wapeni kaka na dada zake. Na kama kwa bahati mbaya mtoto amekula, sema. Operesheni itasogezwa mbele, labda hadi mchana, labda hadi kesho. Afadhali operesheni isogezwe kidogo kwa sababu hiyo. Aliyeficha ndiye aliyemweka mtoto hatarini.

Upande mwingine pia ni kweli: usimkaushe mtoto kupita kiasi. Zamu ikichelewa, mwulize muuguzi kama anaweza kupewa maji.

Mwambie mtoto ukweli

Msimdanganye mtoto kwamba mnaenda sokoni Meru kununua viatu. Akishagundua, hatawaamini tena, na sindano inayofuata itakuwa vita. Mtoto mdogo mwambie siku moja kabla, kwa maneno machache: tunaenda kwa daktari atengeneze hapa panapouma, utalala, ukiamka nitakuwa karibu. Mkubwa mwambie siku kadhaa kabla, na ajibiwe anachouliza. Usimwambie haitauma. Mwambie itauma kidogo na kuna dawa ya maumivu. Mbebee shuka au kitu chake anachokipenda.

Ndani ya chumba cha upasuaji, utasikia au kuona mambo yanayorudiwa: jina la mtoto, upande wa mwili, operesheni yenyewe. Usiudhike ukiulizwa jina lake mara tatu. Mwaka wa 2008 Shirika la Afya Duniani lilitoa orodha ya mambo 19 ya kuhakikishwa kabla ya dawa ya usingizi, kabla ya kukata, na kabla ya mgonjwa kutoka. Orodha hiyo ilijaribiwa katika hospitali nane duniani, moja ikiwa Ifakara, hapo jirani Tanzania. Utafiti ulihusu wagonjwa wa miaka 16 kwenda juu, na matokeo yaliyochapishwa mwaka wa 2009 yalionyesha vifo vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8, na matatizo mengine kutoka asilimia 11 hadi 7. Maswali yanayorudiwa yaliokoa watu. Nawe uyajibu kila mara kwa utulivu, na kama upande uliotajwa si wenyewe, sema kwa sauti.

Mkirudi nyumbani

Mtoto akiamka kutoka usingizini anaweza kulia, kuchanganyikiwa, kukataa hata kushikwa na mama. Mara nyingi hupita baada ya muda mfupi. Mara ya kwanza mpe maji kidogo kidogo muuguzi akiruhusu, kisha chakula chepesi.

Dawa ya maumivu mpe kwa saa, kwa kipimo kilichoandikwa kulingana na uzito wake. Usingoje alie. Usimpe dawa ya mtu mzima iliyokatwa nusu, na aspirini si ya watoto. Kidonda kiwe kikavu na safi. Kisipakwe majivu, samli wala mti shamba. Nawa mikono kwa sabuni kabla ya kukigusa. Uliza kabla ya kuondoka: ataoga lini, atarudi shule lini, atabeba mtungi na kucheza mpira lini, nyuzi zitatolewa au zitayeyuka zenyewe.

Rudi hospitali bila kungoja tarehe ya kliniki ukiona homa, kidonda kuwa chekundu, cha moto, kuvimba au kutoa usaha, damu isiyokoma, kutapika kusikokoma, tumbo kuvimba, kushindwa kukojoa, pumzi za shida, au mtoto kulegea na kuwa mgumu kuamka. Kama amefungwa plasta na vidole vimekuwa baridi, vya bluu, vimevimba au havina hisia, hiyo ni ya usiku huo huo.

Na tarehe ya kliniki iheshimiwe hata kama mtoto anaruka na siku hiyo ni ya kuvuna viazi. Daktari anaangalia kitu ambacho jicho letu halioni.

Wazazi, sijawaomba mwe madaktari. Nimewaomba mambo yaliyo ndani ya uwezo wetu. Leo jioni mkimwogesha mtoto, mwangalieni kitovu, kinena, korodani na miguu. Wiki hii hakikisheni majina ya watoto yako SHA na mchango umelipwa. Wekeni cheti cha kuzaliwa, kijitabu cha kliniki na nakala za vitambulisho katika bahasha moja ambayo nyanya anajua ilipo. Na msiyaachie masikio yenu peke yake haya tuliyosema. Mwambieni na yule ambaye hakuweza kufika.

Wahudumu wa afya ya jamii wako nyuma hapo. Mwenye mtoto ambaye ana wasiwasi naye, asiondoke kabla ya kuzungumza nao. Wahenga walisema chelewa chelewa utapata mwana si wako. Tusichelewe.